Chama Chetu cha Risasi za Bei Nafuu

Bastola sikuitafuta kwa kupenda. Nilikuwa nimevamiwa mara mbili katika duka langu la vifaa vya ujenzi, Kitengela, mchana kweupe, watu wakipita nje na mifuko yao ya viazi. Mara ya pili mmoja wa wale wezi aliniambia "asante, mathe" akitoka, kama mtoto anayemuaga mama yake. Kama angenitukana, labda ningesamehe. Ni ile asante iliyonifikisha kwenye ofisi ya leseni.

Nilihojiwa mimi, akahojiwa mume wangu, hata mchungaji wetu akahojiwa, na yeye alitaka kujua kama nitakuwa naja nayo ibadani. Mwishowe nikapewa, na siku nilipoileta bastola nyumbani nilikuwa naiogopa kuliko nilivyowaogopa wezi. Mume wangu aliitazama ikiwa mezani, akavuta kiti chake nyuma kidogo.

"Haya," akasema. "Sasa tuko na kitu cha kuogopa huko nje, na kingine hapa ndani."

Kwa hiyo nikajiunga na klabu ya kulenga shabaha ili nijifunze. Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye kwari moja ya zamani ya kuchimba mawe, kati ya Isinya na Kajiado, mahali ambapo ukuta wa mawe ulizuia risasi zisiende kwa mifugo ya watu. Mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Wengine walikuwa wanaume wenye biashara na mashamba, na wote walikuwa na tabia moja. Walipiga risasi kwa dakika chache, kisha wakakaa kwenye viti vya plastiki na kulalamika kuhusu bei ya risasi mpaka jua likawa kali.

Sauti ya juu kabisa ilikuwa ya mwenye malori, mtu mnene aliyesafirisha mizigo mpaka Namanga. Kila alipobonyeza kifyatuo alitaja kitu ambacho angenunua kwa pesa hiyo. "Mkate huo umeenda," alisema. "Maziwa nayo hayo."

Aliyekuwa kimya ni daktari wa meno. Huyu alikuwa ameishi ng'ambo miaka mingi, akarudi baada ya kufiwa na mke wake, akajenga nyumba nzuri Kitengela na kutangaza kwamba amestaafu mapema ili afurahie maisha. Shati lake lilipigwa pasi hata kwa siku ya vumbi. Sisi tulipomaliza kupiga, yeye aliinama na kuokota maganda ya shaba yaliyoanguka chini, moja moja, na kuyatia kwenye mkebe wa majani ya chai.

Jumamosi moja aliinua ganda juu kama kasisi anayeinua kikombe.

"Hii mnayoona ni takataka ndiyo pesa yenyewe," alisema. "Ganda haliharibiki. Kinachoisha ni baruti, ile risasi ya mbele, na kile kidude cha nyuma kinachowasha moto. Unaweka vipya, unabana kwa mashine ya mkono, imekuwa risasi tena. Kule nilikuwa najaza mwenyewe, kwa gereji yangu."

"Na bei?" aliuliza mwenye malori.

"Nusu ya ile ya kiwandani. Saa zingine hata chini ya nusu."

"Nusu?" Mwenye malori alisimama. "Sasa sisi tumekuwa tukiibiwa hapa miaka yote hii!"

Kabla hatujafika kwenye magari, tulikuwa tumeshaunda chama. Daktari akawa mwenyekiti, mwenye malori akawa katibu, nami nikafanywa mweka hazina. "Kwa sababu wanawake hawaibi," alieleza katibu, na hakuna aliyeniuliza maoni yangu kuhusu jambo hilo.

Mikutano ilifanyika kila mwisho wa mwezi kwenye buchari moja ya Kitengela, na kila mkutano ulikuwa na mbuzi wake, maana ilionekana watu hawawezi kujadili kubana matumizi wakiwa na njaa. Tulichoma, tukala, tukajadili. Baada ya mikutano michache nilifanya hesabu nikaona kwamba mbuzi mmoja alikuwa sawa na risasi za kiwandani ambazo sisi sote tungepiga kwa wiki kadhaa. Nikalisema hilo mkutanoni, kwa heshima.

Katibu aliweka mfupa chini. "Mama, tafadhali. Usichanganye hesabu ya mbuzi na hesabu ya risasi."

Watu wakapiga makofi. Nikamgeukia mwenyekiti. "Daktari, hiyo baruti tutanunua wapi?"

"Hayo ni mambo ya baadaye."

"Na mashine?"

"Inaagizwa."

"Na serikali inakubali?"

Akapangusa mdomo polepole. "Tutaenda tuulize," alisema, na nikaona kwamba swali hilo halikuwa limeulizwa na mtu mpaka siku hiyo.

Tulienda Nairobi watatu: mwenyekiti, katibu na mimi. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mpole, akasikiliza maelezo yote ya daktari bila kumkatiza.

"Kwa hivyo mnataka kutengeneza risasi nyumbani," alisema mwishowe.

"Si kutengeneza, afande. Ni kujaza upya."

"Ganda likiwa tupu, hiyo ni risasi?"

"Hapana."

"Likijazwa?"

"Hapo ni risasi."

"Nani ameitengeneza?"

Katibu, ambaye hakuwahi kuvumilia kimya, akasema, "Ni daktari."

Afisa alicheka kidogo, kisha akatueleza kwa utulivu kwamba leseni zetu zilikuwa za kumiliki bastola, si za kiwanda. Kazi kama hiyo ilitaka mahali maalum, ukuta, ukaguzi, na kibali ambacho yeye hakuwahi kuona mtu wa kawaida akipewa. Na ule mkebe wa maganda ambao daktari alikuwa amekuja nao, akaongeza, tuurudishe kwa polisi.

Mimi nilisikia "hapana." Wenzangu walisikia "mahali maalum." Kabla hatujapita Athi River walikuwa wamekubaliana kwamba chama kinunue ploti.

Tuliipata upande wa Kajiado, nyika tupu yenye miba michache na upepo. Mwenye ardhi, mzee wa Kimaasai aliyevaa shuka na viatu vipya vya michezo, alikuja akiongea na simu, akaikata alipotufikia.

"Takwenya," alinisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu.

"Mnataka kupanda nini hapa? Hapa hakuna maji."

"Si kupanda, mzee," alisema katibu. "Tutatengeneza risasi."

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mko na vita na nani?"

"Hatuna vita. Ni kupunguza gharama tu."

"Gharama ya nini?"

"Ya mazoezi."

"Mazoezi ya vita na nani?"

Alituuzia hata hivyo, na akaomba mbuzi wake waendelee kulisha pale mpaka vita vianze.

Nguzo, seng'enge, saruji na geti vilitoka dukani kwangu kwa bei ya chama, ambayo ilikuwa bei ya kawaida. Mume wangu alisema mimi ndiye mtu wa pekee Kajiado nzima aliyewahi kupata faida kutokana na kujaza risasi.

Wakati huo huo hakuna aliyekuwa akipiga risasi tena. Michango ya ploti ilikuwa imemeza kila kitu. Jumamosi kule kwari viti vilibaki vimepangwa, na anayekuja alikuja kuulizia habari za ukuta. Watu walisema hakuna haja ya kununua za kiwandani sasa, wakati za bei nafuu ziko karibu kutoka.

Tukiwa katika hali hiyo klabu moja kutoka Nairobi ilitualika tushindane nayo. Tulienda kwa majigambo. Mwenye malori alilenga karatasi yake na kutoboa ya jirani. Mimi nilipata chache za kando. Kisha akasimama daktari, shati limenyooka, miguu imepangwa kama mwalimu, na risasi zake zikaenda kwa udongo, kwa fremu ya mbao, popote isipokuwa karatasini. Nilikuwa nyuma yake kidogo. Niliona mdomo wa bastola ukicheza, na haukuwa mchezo wa mtu aliyekosa mazoezi.

Nilimpa lifti kurudi. Alikaa kiti cha mbele, mikono ameikalia kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

"Uliona," alisema tulipokuwa kwenye foleni ya Mlolongo.

"Niliona nini, daktari?"

"Mkono."

Akaendelea akitazama mbele.

"Ulianza kule. Mgonjwa akifungua mdomo, macho yake yanaangalia mkono wako kwanza. Wa kwanza akaomba daktari mwingine, halafu mwingine, halafu nikasema nimestaafu. Nikafikiri nikipiga risasi nyingi, nyingi sana, mkono utazoea kutulia. Na nyingi sana ni ghali."

"Ndiyo maana ukataka za kujaza."

"Hapana. Hata hiyo si yote." Akatabasamu bila furaha. "Kule kwa gereji, jioni, mimi nilikuwa navuta mkono wa mashine, na marehemu mke wangu alikuwa anakaa mlangoni na kikombe chake, ananipa habari za nyumbani, nani ameoa, nani amekosana na nani. Mashine haijali kama unatetemeka. Unavuta tu. Bei sikuwa naihesabu hata. Niliwaambia mambo ya bei kwa sababu hiyo ndiyo lugha nyinyi mngesikia."

Kwa miezi mingi nilikuwa nimekusanya mizaha kuhusu chama kile, mbuzi wake na ukuta wake, nikingoja siku nzuri ya kuitoa. Sikutoa hata mmoja. Nilijisikia mdogo kwenye kiti changu. Nilichoweza ni kumuuliza kama angependa tusimame anunue nyanya, akasema ndiyo, tukasimama, akachagua nyanya kwa muda mrefu sana.

Hospitalini walimwambia mtetemo ule utakaa naye. Baada ya wiki chache alinipigia simu akaniomba nimsindikize kituo cha polisi Kajiado kurudisha bastola yake. Hakutaka kwenda na wanaume wa chama. Polisi wa zamu aliipokea, akaikagua, kisha akainua kisanduku kidogo cha risasi za kiwandani ambacho hakikuwa kimefunguliwa.

"Mzee, hizi hukutumia hata moja?"

"Nilikuwa nangoja bei ishuke," alisema daktari.

Polisi alicheka mpaka akaegemea kaunta, na daktari naye akacheka, kicheko cha kweli ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake. Akatia sahihi. Mstari ulipanda na kushuka kama barabara ya Ngong, lakini polisi aliikubali.

Kibali hatukupata kamwe, lakini chama hakikuvunjika. Ploti ilikuwa imepanda bei na hakuna aliyekubali kuiuza, basi tukaacha nyasi ziote, na sasa tunauza marobota kwa wafugaji wakati wa kiangazi. Pesa zinagawanywa Desemba. Kila mwanachama mwenye bastola anaenda kwenye duka la silaha na kununua risasi za kiwandani kwa bei kamili, na mwenye malori analalamika kama zamani. Daktari ndiye mwenyekiti bado, ingawa hana bastola. Anachaguliwa kila mwaka bila mpinzani.

Siku ile tulipotoka kituoni aliniomba tupitie kwenye ploti kabla ya kurudi Kitengela. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, na mbuzi wa yule mzee walikuwa wamesimama nje ya seng'enge wakizitazama. Daktari alishuka na ufunguo wa geti. Ulikataa kuingia kwenye kufuli, ukagonga pembeni, ukagonga tena. Nikafungua mlango wa gari nimsaidie. Alinisikia, akainua mkono mwingine bila kugeuka, kwamba nikae.

Nikakaa. Nilizima injini ili asifikiri nina haraka. Upepo ulikuwa unapiga, shati lake linapepea, na yeye amepinda juu ya lile geti, anajaribu, anapumzika, anajaribu. Baada ya muda kufuli ikalia, na daktari akalisukuma geti kwa bega.