Machozi ya Jumatano

Damari hakuwa mtu wa kulia hovyo, na waliolia hovyo walimtia kinyaa. Mwaka ule wa sabini na sita kinyaa kilimjaa hadi kooni, kwa sababu katika kijiji chao cha Uporoto, milimani juu ya Mbeya, watu walikuwa wanalia kila Jumatano alasiri. Walikaa kwenye madawati ya shule, wanaume kwa wanawake, wakimlilia mzee ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mzee huyo alikuwa wa kitabuni. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana wa Kihehe aliyeitwa Silvester Kalinga, alikipata kitabu kwao Iringa alipokwenda likizo. Aliporudi aliwaambia wanakisomo wake kwamba anajua wamechoka kusoma habari za mbolea, kwa hiyo atawasomea hadithi ndefu, sura moja kila wiki. Ilikuwa hadithi ya mwanamume aliyemkimbia mkewe ujanani, akaenda mjini, akatajirika, akaoa na kuacha, akala na kusaza. Uzee ulipomkuta peke yake katika nyumba ya ghorofa, majuto yakaanza kumtafuna, akafunga safari ya kurudi kwa yule mke wa kwanza kuomba radhi.

Sasa, kikundi kile hakikujua kusikiliza tu na kwenda zake nyumbani. Miaka mitatu nyuma watu walewale, katika darasa lilelile, walikuwa wakisikiliza redio wakati wa kampeni ya afya, na utaratibu wake ulitoka wilayani. Mkishasikiliza, mnajadili. Mkishajadili, mnapitisha azimio kwa kunyoosha mikono, na anatajwa wa kulitekeleza. Ndivyo vyoo vya kijiji kile vilivyochimbwa. Redio iliharibika, mwalimu akaja na hadithi, lakini mwenyekiti wa kikundi, Filemoni, hakuona sababu ya kubadili utaratibu uliokwisha kuleta vyoo. Sura ya kwanza ilipokwisha alisimama, akajipangusa macho kwa kofia, akauliza kikundi kinaazimia nini. Wakaazimia kwamba waume wasiwadharau wake zao. Watekelezaji, watu wote. Mwalimu Silvester alitaka kucheka, akaona nyuso zilivyo, akainamia kitabu.

Damari alikuwa na haki ya kuchukia, maana sura ile ilikuwa ya kwake. Mwaka wa hamsini na mbili mumewe, Tadeo, alikwenda kwenye migodi ya shaba ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, akamwacha na mimba ya Ezekia. Alituma blanketi moja. Baada ya blanketi hakutuma kitu, na waliorudi kutoka huko walisema Tadeo ana mke mwingine, kisha wakasema ana mwingine tena. Damari alilima. Alilima ngano, akalima pareto, halafu akagundua kwamba viazi vya Uporoto vinapendwa mbali kuliko nyumbani. Enzi hizo barabara ya Iringa ilikuwa tope tupu. Alipanda juu ya magunia kwenye malori, akalala na magunia yake katika soko la Mlandege, pale Iringa mjini, akauza, akateremka hadi Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu vya kurudi navyo. Lori lilipokwama alishuka kulisukuma pamoja na wanaume, na madereva walimwita dada hadi siku walipoanza kumwita mama. Lami ilipokuja ilimkuta ameshajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati juu. Hakuna mtu wa ukoo wa Tadeo aliyemsaidia hata kubeba tofali moja. Filemoni, shemeji yake, mdogo wake Tadeo, alipita siku ile fundi anapiga bati, akasema nyumba ni kubwa mno kwa mwanamke.

Masika ya mwaka huo wa sabini na sita Tadeo akarudi. Alirudi na sanduku la bati na kikohozi kirefu, akafikia kwa Filemoni. Damari alisikia habari zake akiwa shambani, akaendelea kupalilia. Hakwenda kumsalimu. Alijua vizuri kinachokuja, kwa sababu ng'ombe wa mahari hawakurudishwa kamwe, na kwa desturi yao yeye bado alikuwa mke wa Tadeo. Siku sanduku lile litakapoingia mlangoni kwake, nyumba itakuwa na mwenyewe. Na kwa kikohozi kile, mwenyewe hatakaa sana, na kwa desturi hiyohiyo anayerithi ni mdogo wa marehemu kabla ya mwana, yaani Filemoni. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hakuhofu kumwona Tadeo, alihofu kuwa mgeni katika vyumba vyake vinne.

Kwa hiyo fikiria mwanamke wa namna hiyo amekaa dawati la nyuma, anasikiliza jinsi mzee wa kitabuni anavyojuta, na pembeni yake watu wanavuta kamasi. Saulo, aliyekuwa na mama mzazi katika kibanda kinachovuja hatua chache kutoka kwake, alilia kwa kwikwi pale mzee wa kitabuni alipokumbuka kaburi la mama yake. Alitoka pale akapita mbele ya kibanda bila kugeuza shingo. Wanawake waliowahi kumcheka Damari kwa kulala sokoni na kupanda malori sasa walisema maskini, mzee wa watu, ameteseka. Filemoni ndiye aliyelia kuliko wote. Alilia kwa sauti, kifua mbele, kama mtu anayetaka asikike hadi wilayani.

Siku moja aliuliza swali. Alitaka kujua, miaka yote hiyo mzee akiwa mjini, yule mke alikula nini. Mwalimu akapekua kurasa kwa uaminifu, akasema kitabu hakikueleza. Damari akauliza kama kimeeleza nani alimjengea. Hapo pia hakikueleza. Kilisema tu kwamba alikuwa akisubiri mlangoni. Watu wakaguna, na mama mmoja akamwambia Mama Ezekia asiwaharibie hadithi. Damari hakuuliza tena, lakini hakuacha kwenda. Alitaka kuona mwisho, jinsi mtu anavyotaka kuona lori lililopinduka.

Jumatano kabla ya ile ya mwisho, mzee wa kitabuni alisafiri kwa basi akijifunza maneno ya kumwambia mkewe, na mwandishi aliyaandika yote. Mwalimu aliyasoma polepole, na kwa kuwa watu waliomba, akayarudia. "Nimekula matunda ya dunia nzima, lakini utamu niliuacha mlangoni pako. Sikuja kuomba nyumba wala chakula. Nimekuja kuomba jina langu kinywani mwako." Darasa liliinamisha vichwa. Kwenye dirisha, upande wa nje, Damari alisikia mtu akikohoa, kikohozi kirefu, na hakugeuka.

Jumatano ya mwisho darasa lilijaa hadi watu wakakaa chini. Mwalimu Silvester alisoma vizuri, ni lazima tumpe haki yake. Mzee alifika, mke alikuwa amepofuka kwa uzee, akamtambua kwa hatua zake. Hakumuuliza kitu. Alichota maji ya moto, akapiga magoti, akamwosha miguu yenye vumbi la safari, na mzee akafa usiku ule akiwa na amani. Mwalimu alipofunga kitabu, kilio kilikuwa cha msibani. Saulo alijitupa kwenye bega la jirani yake. Damari alikuwa akifikiria yule kipofu, nani alimkatia kuni za kuchemshia hayo maji.

Filemoni akasimama. Alisema, ndugu wanakikundi, leo hatuwezi kupitisha azimio la maneno matupu, leo Mungu ametuletea nafasi ya kutenda. Akaashiria mlangoni. Tadeo akaingia, koti kubwa, mwili mdogo, na nyuma yake mke wa Filemoni amebeba karai, mvuke unapanda. Wakamkalisha Tadeo kwenye kiti cha mwalimu, wakaweka karai mbele yake. Hakungoja kuambiwa. Alivua viatu mwenyewe, akanyoosha miguu.

Miguu ile ndiyo iliyomtia Damari kichefuchefu kuliko vyote, si kwa sababu ilikuwa michafu. Ilikuwa imeoshwa. Mtu alikuwa ameisugua nyumbani na kuipaka mafuta, kisha ikaletwa pale kuoshwa mbele ya watu.

Filemoni akasema azimio ni kwamba Mama Ezekia ampokee mumewe nyumbani kuanzia leo, na mtekelezaji anajulikana. Hakuna aliyempinga. Watu wote walikuwa wamemgeukia Damari, macho yamelowa, yanamsihi, na walikuwa na furaha ya watu ambao hadithi yao imewashukia hadi uani. Akina mama waliokuwa karibu naye walimsukuma taratibu mgongoni. Akasimama, akaenda mbele, akasimama upande wa pili wa karai.

Tadeo akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa na mchanga, lakini maneno yalitoka bila kukwama.

"Mama Ezekia, nimekula matunda ya dunia nzima, lakini utamu niliuacha mlangoni pako. Sikuja kuomba nyumba wala chakula."

Akaendelea hadi mwisho, hadi kwenye jina na kinywa. Kilio kikaanza upya. Wengine walikuwa wakiyatamka pamoja naye, midomo inacheza, kama kanisani wakati wa sala wanayoijua, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Mwalimu Silvester peke yake aliinamisha uso.

"Hayo ni ya mzee wa kitabu," Damari alisema. "Niliyasikia wiki iliyopita, tena mara mbili. Baba Ezekia, ya kwako yako wapi?"

Tadeo akamtazama Filemoni. Filemoni akasema maneno ni maneno, shemeji, kinachotakiwa ni moyo. Damari akamwambia hakumuuliza yeye. Akarudia swali, safari hii taratibu, jinsi mtu anavyoongea na mgonjwa. Akasema mtu aliyeondoka nyumbani kwa miaka ishirini na kitu hawezi kukosa neno lake mwenyewe, hata likiwa baya, na yeye yuko tayari kulisikia hata likiwa baya.

Tadeo akainama. Akatazama maji. Kilio kilipungua, watu wakitaka kusikia. Mwishowe alisema, bila kumwangalia mtu yeyote, "Kwa Filemoni nalala kwenye banda na ndama. Kuna baridi. Walisema nikiyajua yale maneno vizuri utanichukua."

Kwa mara ya kwanza tangu Tadeo arudi, Damari hakumchukia. Kinyaa hakikuisha, kilihama tu, kikamwacha Tadeo na miguu yake iliyopakwa mafuta, kikasogea kwa mtu aliyesimama na kofia mkononi, na kutoka kwake kikatapakaa darasa zima. Alimwona Saulo. Aliwaona akina mama. Wote walikuwa wanajua kuhusu banda la ndama. Kijiji kidogo, ungekosaje kujua? Walipita pale Jumatano zote wakienda kumlilia mzee mwingine.

"Asante," akamwambia Tadeo. "Hilo ni lako."

Kisha akamgeukia mwenyekiti na kusema kwamba kwa utaratibu mwanakikundi yeyote ana haki ya kuleta azimio, na yeye analo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwao Tadeo ni Filemoni, aliyezaliwa naye tumbo moja, mwenye nyumba yenye vyumba, na aliyelia kuliko watu wote. Kwa hiyo kikundi kiazimie kwamba Tadeo atoke bandani leo, alale ndani kwa mdogo wake, chumba chenye moto, na shuka. Nyumba ya Damari imejengwa na Damari, na mlango wake haumo katika azimio. Mtekelezaji, Filemoni. Na kwa kuwa maji ya moto yapo na miguu ipo, aanzie hapo.

Filemoni alisema azimio hilo halitokani na sura iliyosomwa. Damari akasema wapige kura.

Akanyoosha mkono wake. Ulikuwa mkono wa kulima. Hakuna aliyeufuata. Watu walitazama madawati, walitazama dari, mtu mmoja akajifanya anatafuta kanga yake. Mama mmoja alisema chini kwa chini kwamba mwanamke huyu ana moyo wa jiwe, na kwamba kitabu kiliisha vizuri, na yeye ameharibu. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Damari alisikia, na mkono ukabaki pale pale.

Mkono wa pili ulionyooshwa ulikuwa wa Tadeo. Aliunyoosha akiwa amekaa, miguu bado hewani juu ya karai, mkono wa koti umeteremka hadi kwenye kiwiko, na mkono wenyewe ulikuwa mwembamba mno. Aliushika kwa mwingine usishuke.