Nilimkataza Shemeji Asigonge Bodi

Jamani, kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, msije mkaanza kunionea huruma kabla hamjajua nilichofanya. Shemeji yangu hakusinzia. Alikuwa macho, na mimi ndiye niliyemziba mdomo!

Wakati huo nilikuwa dereva wa pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa, huku juu upande wa Chala. Mimi ni mtu wa kuja, nilitoka Mbeya nikaoa hapa Ufipa. Gari lilikuwa moja na dereva mmoja. Wazee waliniita Bwana Dereva, nami kichwa kikanivimba. Nikisema gari haliendi, basi haliendi, hata Mwenyekiti angekuja mwenyewe.

Kijiji kilikuwa kimechonga mtumbwi kutoka gogo la msituni. Tulikuwa tuupeleke Kabwe ziwani, kwa wenzetu wavuvi, nao watujazie gari samaki wakavu. Ulikuwa mrefu kuliko gari! Pua yake ilipita juu ya paa ikachungulia mbele ya kioo, na mkia ukaning'inia nje huko nyuma. Ndani yake tukapakia magunia ya mahindi na ulezi.

Mzigo wote huo niliufunga kwa kamba moja ya katani, katikati, basi.

Kamba ya pili ilikuwepo nyumbani, mke wangu ameianikia nguo. Uvivu wa kurudi! Halafu mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwani, na ule mteremko wa Kabwe ukilowa haupitiki. Desideri, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyekuwa aende nami. Akautikisa mtumbwi.

"Shemeji, tuifuate ile kamba nyingine. Naona unacheza huu."

"Kamba ni wewe," nikamjibu. "Panda nyuma, shikilia."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akapanda. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, akamrushia koti la kujikinga upepo, akamwambia, "Usilale huko nyuma, mwanangu."

Hatukufika mbali, akagonga bodi ya gari. Mtu wa nyuma hana njia nyingine ya kusema na dereva. Nikasimama, nikakuta kamba imelegea, nikaikaza. Tukaenda kidogo, akagonga tena.

"Shemeji, mtumbwi unarudi nyuma."

Nikayatazama yale mawingu, hasira zikanipanda. "Sikiliza! Ukigonga tena unashuka, unatembea kwa miguu mpaka Kabwe! Mwanaume mzima unaogopa gogo?"

Akanitazama. "Haya, shemeji," akasema. Hakununa hata kidogo.

Kuanzia hapo kukawa kimya. Nami nikakipenda kile kimya, Mungu anisamehe!

Tukafika kwenye mlima wa mawe. Gari likapanda kwa gia ya kwanza, linalia. Katikati ya mlima likawa jepesi ghafla. Nawaambieni kweli yangu yote: nilifurahi! Nilidhani injini imepata nguvu. Nikabadili gia, nikaanza kupiga mluzi.

Kisha jua likanipiga usoni. Tangu tuondoke, pua ya mtumbwi ilikuwa imenikinga jua. Nikainua macho juu ya kioo. Hakukuwa na kitu.

Nilisimamisha gari, nikarudi mbio. Ulezi ulikuwa umemwagika barabara nzima. Mtumbwi umepasuka, umelala kando, na Desideri yuko chini yake mpaka kifuani. Kamba ameizungusha mkononi. Alikuwa ameshikilia mpaka mwisho, kama nilivyomwagiza.

"Mbona hukugonga?" nikamfokea. Hata pale nilikuwa bado nafoka!

"Ulinikataza, shemeji."

Nilisukuma lile gogo peke yangu, halikusogea, na yeye akakata roho namwona.

Watu wakaja kutoka mashambani. Mmoja akaniuliza, "Imekuwaje, Bwana Dereva?" Kinywa changu kikajibu chenyewe: "Amesinzia. Nilimwambia ashikilie, akasinzia."

Uwongo ule ulinitoka upesi kuliko pumzi.

Nilipofika nyumbani na maiti, nguo bado zilikuwa kambani. Baada ya mazishi mke wangu alizianua, akaikunja ile kamba, akaisukuma uvunguni. Mpaka leo anaanika nguo kwenye majani.

Kwenye mkutano wa kijiji mama mkwe alisimama mbele ya watu wote, koti la mwanawe ameliweka begani. "Ndugu zangu," akasema, "mwanangu ameuharibu mtumbwi wenu. Nilimwambia asilale. Naomba mumsamehe." Mwenyekiti akamjibu, "Tumesamehe, mama. Keti." Mimi nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni msiba.

Tangu siku hiyo, kila siku ya marehemu wote alimwombea mwanawe asamehewe uzembe. Wanangu nao aliwaonya, "Msije mkawa kama mjomba wenu, aliyelala kazini." Nimeusikia usemi huo ugali ukiwa mdomoni, na nikaumeza.

Nilitaka kusema. Nikajiambia, tuvune kwanza. Tukavuna. Nikajiambia, ipite Krismasi. Ikapita!

Masika haya mama mkwe aliugua. Akaniita, akataka tubaki wawili. Mkono wake ulikuwa mkavu, unachoma kwa homa.

"Wewe ulikuwa naye," akasema. "Mwanangu aliumia sana?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nami nikasema, "Hapana, mama. Alikuwa usingizini."

Akashusha pumzi. "Mungu amsamehe," akasema. Kesho yake tukamfunga sanda.

Niambieni, ni mtu gani anayefanya hivyo? Nilimnyang'anya mtoto wake, kisha nikamnyang'anya na heshima ya mtoto wake, tena kitandani pa mauti!

Madereva wenzangu, mtu si kamba. Mtumbwi ufungeni mbele, katikati na nyuma, na kama kamba haitoshi msiondoke, hata mvua ikinyesha mwezi mzima. Mwenzako wa nyuma akigonga, simama. Akigonga mara kumi, simama mara kumi. Na kama umekwisha kukosea, usijidanganye kwamba utasema baada ya mavuno. Wanaostahili kusikia hawangoji mavuno yako.

Mama mkwe ameniachia mmoja wa kumwambia, naye ni mke wangu. Yuko nje anapepeta ulezi, namsikia. Nikimaliza mstari huu namwita ndani, nimweleze mdogo wake alikufaje. Sijui kama kesho nitakuwa na nyumba.