Mwaka Ambao Hatukula Samaki

Juzi nilikwenda Sumbawanga kwenye harusi ya mjukuu wa kaka yangu, nikapitia sokoni Majengo kununua samaki wakavu. Si kwamba nilikuwa na haja nao sana. Ni ile harufu tu, iliyonikamata nikiwa bado upande wa wauza nguo, nami nikaifuata. Kijana aliyekaa nyuma ya meza alinipa shikamoo ya haraka haraka, na juu yake palikuwa na kibao chenye maandishi ya rangi ya bluu: SAMAKI WA ZIWANI. Nilikisoma kibao kile mara mbili, ndugu yangu, nikajikuta natabasamu peke yangu mbele za watu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka saba au minane hivi, nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa baba kule Kasense. Kutoka kwetu mpaka mjini ulikuwa mwendo wa kumaliza muwa mmoja, kama hutafuni kwa pupa. Kiangazi kilikuwa na baridi yake, wewe mwenyewe unaijua baridi ya Ufipa. Asubuhi tulitoka na mashuka mabegani, tukapura ulezi uani mpaka jasho lilipotuvua yale mashuka. Mchana mimi nilisaga, bibi akasonga ugali mweusi unaong'aa, na mboga ilikuwa maharage. Kesho yake maharage tena. Ndiyo maana mwezi wa samaki tuliungoja kama sikukuu.

Samaki waliletwa na watu wa bonde la Rukwa. Walipanda ule mteremko mkali kwa miguu, vikapu kichwani, wakaingia nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Wa kwetu alikuwa mama mmoja mrefu, mkavu, umri wake na wa bibi sawasawa. Kikapu kilichokuja na samaki kilirudi na ulezi, umejazwa mpaka unamwagika, na hakuna aliyepima. Yeye na bibi walikuwa wamefanya hivyo tangu wakiwa mabinti. Akifika, kazi zote zilisimama. Walikaa jikoni wakinywa togwa na kucheka mambo ambayo sisi watoto tulifukuzwa tusiyasikie, na sufuriani samaki walichemka na karanga zilizotwangwa. Sijapata kuonja tena kitu kama kile.

Watu hao tuliwaita Wamatope. Wote tuliwaita hivyo: mwalimu wetu, mwenye duka, hata karani wa boma aliyeandika kodi. Wenyewe walijiita Wenye Ziwa. Ilisimuliwa kwamba mzee wao mmoja alimwomba karani aandike jina lao kama wanavyojiita, karani akamjibu kuwa kitabuni wamekuwa Wamatope tangu zamani, na hawezi kufuta kitabu cha serikali kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini hata wao kwa wao hawakuwa na kauli moja. Kijana mmoja wa kwao, sauti yake ikisikika soko zima, alikuwa akitangaza biashara kwa jina hilo hilo: samaki wa Wamatope hawa, wanono, njooni. Wakubwa zake walimkemea. Yeye alicheka tu, akasema jina halimtoboi mtu ngozi na wateja wanalijua.

Nililisikia kwake, na nililisikia kwa bibi, maana bibi naye alilisema kila siku, mgeni wake akiwa hayupo. Kwangu likawa jina kama majina mengine. Sasa, sisi tulilelewa kwa salamu. Mbele ya mkubwa unachuchumaa, unapiga makofi taratibu viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, macho chini. Bibi aliniongezea la kwake: ukijua mgeni ni wa watu gani, mtaje kwa watu wake, ajue kwamba amefika mahali anapofahamika. Nilijizoeza peke yangu nyuma ya ghala, nikisalimia kuku.

Mwaka ule mama wa samaki alipoingia uani, nilitaka kumwonyesha kwamba nimekua. Nilikimbia mbele ya watu wote, nikachuchumaa vizuri kuliko siku zote, nikapiga makofi yangu, nikasema kwa sauti nzito ya heshima, "Karibu, Mmatope."

Wanawake waliokuwa wakipura waliacha kupura, wakanitazama. Nilidhani wamependezwa, nikarudia.

Mama yule hakunigombeza. Alinitazama kidogo, kisha akamtazama bibi, tena kwa muda mrefu.

"Mtoto hakulitunga hili," alisema. "Amelisikia humu ndani."

Alikuwa ameshashusha kikapu. Akakiinua, akakitua kichwani bila kusaidiwa na mtu, akatoka. Bibi alimfuata mpaka njiani akimwita dada, dada. Hakugeuka.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniita jikoni, akaniambia neno lile si langu, ni lake, mimi nimelibeba tu. Kisha akarudi kusonga ugali wake, na mwaka mzima jikoni hakukusikika kicheko. Samaki wa watu wengine walipita, akakataa kununua. Tulikula maharage. Mimi nilikuwa naumia, nakwambia kweli. Nilikuwa nimemnyang'anya bibi yangu rafiki wa maisha yake, tena kwa adabu, na sikujua nitamrudishia vipi. Tulipovuna tena, kabla hajajaza ghala, bibi alijaza chungu kimoja cha ulezi mzuri, akakifunika, akakiweka kando. Hakusema ni cha nani. Nilijua, na nilikuwa nikienda kukitazama, nikiomba Mungu kisiliwe na panya kabla mwenyewe hajaja, kama angekuja.

Alikuja. Tulikuwa uani tukipura, nikamwona kwa mbali akipanda na wenzake, urefu wake haufichiki. Alipokaribia kwetu alihamia upande wa pili wa njia, shingo imenyooka. Alikuwa anapita.

Bibi aliweka mti wa kupuria chini. Alikwenda na makapi ya ulezi yamemganda nyweleni mpaka katikati ya njia, na pale, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akachuchumaa kwenye vumbi kama mtoto. Akapiga makofi. Mtu na rika lake hawasalimiani hivyo kwetu. Ile ni salamu ya mdogo kwa mkubwa.

"Karibu, Mwenye Ziwa," alisema. "Mdomo wangu ulikukosea miaka mingi."

Mama wa samaki alisimama na mzigo wake. Wenzake walitangulia, vumbi likatulia, bibi bado yuko chini. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio nisijue nafagia nini.

"Inuka, magoti yako nayajua," mama yule alisema hatimaye. Kisha, kama mtu anayekiri wizi, akaongeza, "Na sisi kule chini tunawaita nyie Wana wa Mchwa. Kwa yale matuta yenu ya mviringo shambani, kama vichuguu. Nilipofika nyumbani mwaka jana, mjukuu wangu aliniuliza Wana wa Mchwa hawajambo."

Bibi alicheka akiwa bado amechuchumaa, akacheka mpaka akakaa chini kabisa, na mwenzake akatua kikapu ili apate kucheka vizuri. Mimi nililia. Nililia kwa raha, mzigo wa mwaka mzima ukinitoka, na hakuna aliyeniuliza kulikoni. Mchana ule tulikula samaki na karanga, na ulezi wa kile chungu ukamiminwa kikapuni mwake. Nilipomwandalia maji ya kunawa nilimwita Mwenye Ziwa mara nne, na mara zote aliitika.

Wote wawili wameshalala ardhini miaka mingi. Vikapu vile havipandi tena mteremko. Samaki wanakuja kwa gari, na kinachojaa ulezi mpaka kumwagika sijakiona siku hizi. Hayo nayalilia. Lakini pale mbele ya kibao cha bluu nilitaka sana kumuuliza yule kijana kama analijua lile jina tulilowaita watu wa kwao zamani. Lilinifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, nikamuuliza watu wa kwao wanaitwaje.

"Sisi? Watu wa ziwani tu, bibi," alisema, akinifungia samaki. "Kwani kuna jina lingine?"

"Hakuna, mjukuu wangu," nikamwambia.