Folda ya Kokugonza

Ofisi ilikuwa inakuja kuchukua kompyuta ya marehemu Gozbert, basi mjane wake, Benedicta, akamwita fundi Talha nyumbani Segerea.

"Flopi ni moja, mama. Picha hazitoshi. Nihamishe nini?"

"Barua alizowaandikia wanawe tu. Zikae alivyozipanga mwenyewe, kila mtoto na folda yake."

Talha akainamia kazi, kisha akacheka. "Kokugonza huyu hakuandikiwa hata salamu! Folda yake tupu. Niiruke?"

Benedicta alikuwa na watoto watatu. Wa nne alizaliwa bila uhai, akazikwa bila jina. Kokugonza ndilo jina alilomnong'oneza mumewe wakati wa ujauzito, na tangu maziko hawakulitaja tena. Kumbe mwenzake alilitunza.

"Usiiruke, mwanangu. Ihamishe hivyo hivyo, ikae na za wenzake."