Ubavu wa Kulia wa Korongo

Ukitaka kumpa Bernadine Kivela zawadi, usimnunulie kitu kipya. Mpelekee kilichoharibika. Pasi isiyopata moto, mashine ya kunyolea iliyokufa, gari la mtoto lililobakiwa na magurudumu mawili: atakipokea kwa mikono miwili, atakipindua, atafumba jicho moja, na kabla hujaketi atakuwa ameshaona ndani yake injini ya chombo cha angani. Mimi, mpangaji wao wa ghorofani, nilijifunza mapema kutosahau kikombe changu cha plastiki jikoni kwake.

Mchana Bernadine huwapikia wanafunzi wa shule moja hapa mjini Duluth. Jioni hushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, na hapo huunda vyombo vya tamthilia ya zamani ya televisheni iitwayo Bandari ya Zohali. Tamthilia hiyo ilidumu msimu mmoja tu ikafutwa, na wapenzi wake waliosalia wanaenea kwenye ukumbi mmoja wa hoteli. Kila Novemba hukutana humo, theluji ikianguka nje, kahawa ikichemka ndani.

Chombo wanachokipenda kupita vyote ni Korongo, meli ya mizigo yenye shingo ndefu. Waliotengeneza tamthilia waliunda nusu yake tu, ile ya kushoto, kwa hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuuona ubavu wa kulia wa Korongo. Pengo hilo limegeuka mashindano. Kila mtu huja na Korongo wake: ubavu wa kushoto kama ulivyokuwa kwenye televisheni, ubavu wa kulia kwa akili yake mwenyewe, kwa vichezeo na takataka alizookota. Kisha chombo chote hupuliziwa rangi ya kijivu, mpaka chupa ya sabuni na mguu wa dinosauri vionekane ndugu wa tumbo moja.

Baada ya hapo wenzako hukujia na fimbo nyembamba. Wanaelekeza kipande, wanasema kilikuwa nini. Wakipatia, unabandika kidoa chekundu. Chombo ambacho hadi kengele ya mwisho bado kina kipande kisichotambuliwa hupewa kofia ya dhahabu, ambayo ni kifuniko tu cha kopo la rangi. Watu wazima wenye wajukuu hukosa usingizi kwa ajili ya kifuniko hicho.

Bernadine hakuwahi kukipata hata mara moja, na sababu ina jina: Delmer Tollefson, fundi bomba mstaafu, rafiki wa nyumba yao, mwenye macho ya kunguru. Mwaka mmoja Bernadine alificha kikamulio cha ndimu ndani kabisa ya ubavu wa Korongo wake. Delmer alikitambua akiwa bado anavua koti.

"Shemeji," alimwambia, "hicho hata mimi ninacho nyumbani. Tofauti ni kwamba changu hakijapasuka."

Basi mwaka huu Bernadine aliazimia kuondoka na kofia. Ijumaa jioni aliipanga kazi yake mezani ukumbini, akarudi nyumbani akiimba. Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika, nami nikiwa nyuma yake. Tulikuwa tumeanza tu kunywa kahawa pale Arvid, mumewe, alipoingia ameziba mdomo kwa skafu.

Jambo hilo peke yake lilitutia wasiwasi. Arvid ni mtu anayezungumza hata na mashine ya kahawa ikichelewa. Alimvuta mkewe kando, akashusha skafu kidogo.

"Meno yangu yako wapi?"

Arvid ana meno matatu ya bandia ya mbele, ya juu, yaliyoshikamana na ufizi wa plastiki. Alhamisi yalikuwa yakimfinya, akayavua wakati anamsaidia mkewe kupiga msasa, akaamua kuupumzisha ufizi wake mpaka Jumamosi.

"Uliyaweka wapi?" Bernadine aliuliza.

"Kwenye kikopo cha mtindi, pale kwenye meza yako."

Bernadine aligeuza shingo taratibu kumtazama Korongo wake. Ubavuni kulia, chini ya tumbo la mashua ya kuchezea, palikuwa na mdomo wa injini wenye mapezi matatu, wa kijivu, uliokaa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kuunda.

"Mungu wangu. Nilidhani ni kipande cha yule mamba wa plastiki."

"Mamba gani ana meno bapa?"

"Nilikuwa na haraka, Arvid."

"Haya, yatoe."

"Nikikigusa chombo wakati huu, kinaondolewa mashindanoni."

"Na mimi nitakula nini?"

"Kuna supu." Bernadine akamshika mkono. "Sikiliza, mume wangu. Hayo meno hakuna atakayeyatambua. Hata mimi sikuyatambua, na nimelala jirani nayo miaka yote hii. Nakuomba kitu kimoja tu. Usifungue mdomo mpaka kengele ilie."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ukumbi umejaa watu, Bernie!"

"Ndiyo maana nakuomba."

Arvid alipandisha skafu, akaketi nyuma ya meza kama mtu aliyewekwa mahabusu.

Saa sita Delmer alifika na fimbo yake. Hakusalimia vizuri, alianza kazi. "Trei ya mayai. Kigurudumu cha uzi wa kuvulia samaki. Mkono wa mdoli, tena wa kushoto. Hiki ni kifuniko cha dawa ya kikohozi, msinitanie." Vidoa vyekundu vilimwenea Korongo kama surua. Mwishowe kikabaki kipande kimoja. Delmer aliinama, akazunguka meza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kichana?"

"Siyo," alisema Bernadine.

"Kipande cha mamba wa kuchezea."

"Wengi hudhani hivyo."

Delmer akanyooka, akamgeukia Arvid. "Mzee mwenzangu, mbona umenuna leo? Umekatwa ulimi?"

Arvid alitikisa kichwa.

"Koo linamuuma," alisema Bernadine.

"Pole. Maana nilitaka kumuuliza habari za yule samaki wake mkubwa. Nasikia alimnunua dukani."

Masikio ya Arvid yaliwaka. Mkewe akamwekea kiganja begani, akakandamiza. Delmer alitaja mishikio ya kabati, uma wa keki, hata ubao wa piano ya mtoto, na kila mara jibu lilikuwa siyo. Dakika zilikwenda. Msimamizi alikuwa ameshaishika kengele mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona Delmer anatoa jasho.

Hapo ndipo alipopita kijana mmoja aliyekuwa na meza ya vyombo vilivyochapwa vizima vizima kwa plastiki na mashine ya kompyuta. Alimtazama Korongo, akacheka kidogo.

"Samahani mama, lakini mashine yangu ingekutolea hiki kwa usiku mmoja, kikiwa laini kabisa. Hizi si takataka tu zilizopakwa rangi?"

"Ni takataka, mwanangu, umesema kweli," Bernadine alijibu kwa upole. Mambo yangeishia hapo.

Arvid alisimama. Skafu ikaanguka.

"Thikiliza wewe! Huyu mwanamke anathimama jikoni tangu alfajiri mpaka miguu inamvimba. Halafu anashuka chini, anaokota kitu mlichokitupa ninyi nyote, anakitazama mpaka anakipenda. Mashine yako imewahi kupenda nini?"

Kijana alirudi nyuma hatua moja. Delmer, yeye, hakuwa na habari na kijana. Alitazama kinywa cha Arvid, akatazama ubavu wa Korongo, akarudi kinywani. Fimbo yake ikapanda polepole.

"Shemeji," alisema, karibu kwa huruma, "ni meno."

Kengele ililia kidoa chekundu kikiwa kimeganda kwenye kidole cha Bernadine. Kofia ilikwenda kwa mama mmoja wa kutoka mji wa Fargo aliyeficha springi ya kalamu. Lakini hakuna aliyekwenda kuitazama springi. Watu walipanga foleni kuyaona meno, na yule kijana, baada ya kuomba radhi, aliomba pia kupiga picha.

Foleni ilipopungua, Bernadine alichukua plaizi akaanza kuyabandua. Arvid alikaa ameinamisha kichwa.

"Nimekuharibia, Bernie. Ulibakiza kidogo tu."

Bernadine alibandua ukingo mmoja wa ufizi kwenye gundi. Kisha akasema, "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia yule kijana."

"Bila meno?"

"Hivyo hivyo bila meno."

Arvid alitazama kulia na kushoto, uso umemwiva. "Huyu mwanamke," alianza kwa sauti ndogo, "anathimama jikoni..."

"Thauti, mzee mwenzangu!" Delmer alipaza kutoka upande wa kahawa. "Huku nyuma hatuthikii!"

Arvid akaanza upya, safari hii kwa nguvu, na Bernadine akaiweka plaizi chini asije akakosa hata neno.