Gikonyo na Filamu za Kuliza

Ukiuliza Majengo nzima, hapa Nyeri, ni nani anajua filamu, utaelekezwa kwa Gikonyo, kwenye kibanda cha bluu nyuma ya msikiti. Watu humwita Daktari, na jina hilo hajawahi kulikataa. Kwake huingii ukataja filamu unayoitaka. Unaingia, unasimama mbele ya meza, naye anakutazama usoni, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza kifua chako, kisha anauliza, "Leo uko na roho gani?" Ukisema umechoka, anakutilia filamu ya uchovu kwenye flashi yako. Ukisema umeachwa, anayo ya walioachwa. Wala si hizi takataka za kurushiana risasi. Daktari anatoa filamu nzito, zilizopewa tuzo huko duniani, zile ambazo mabango yake yamechorwa majani mawili yaliyopindana kama shada.

Tatizo ni kwamba hakuwa amezitazama. Hata moja.

Tusimwonee, alijaribu. Lakini filamu za namna hiyo huzungumzwa kwa lugha za mbali, na maneno ya Kiingereza hupita sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta mbio mbio, na Gikonyo aliacha shule mapema akaenda kuchuma majani chai kwao Tetu. Akiwa bado anahangaika na neno la kwanza, sentensi nzima imeshatoweka, na watu walio kwenye kioo wanalia kwa sababu asiyoijua. Alichokipenda yeye hasa ni filamu za madijei, zile ambazo mtu anapiga kelele juu ya picha kwa Kiswahili na Kikuyu, anawapa majambazi majina ya kijijini na kuwatukana kwa niaba ya watazamaji. Hizo alizitazama mlango ukiwa umefungwa, sauti ameiteremsha, akicheka ndani ya sweta.

Filamu za majani alizijua kwa mabango tu. Bango likiwa na mtoto na baiskeli, hiyo ni ya kuchangamsha. Likiwa na watu wawili wanaotazama pande tofauti, ni ya walioachwa. Likiwa na jeneza, ni ya kuliza, na kadiri majani yalivyo mengi ndivyo kilio kinavyozidi. Mara nyingi alipatia, maana waliorudi kumshukuru walikuwa wengi, na wasiofurahia walidhani ni wao wasioelewa filamu za wasomi. Kila dawa aliyoitoa aliifunga kwa maneno yale yale, mkono kifuani: "Hii, hata mimi nililia."

Maneno hayo ndiyo yaliyomjengea jina. Mwanamume mzima kukiri kwamba alilia si jambo dogo katika milima hii. Beth, jirani yake anayekaanga chapati mlangoni pa kibanda, aliyasikia kila siku kupitia ukuta wa mabati, na alikuwa akimwambia kila mtu kwamba Gikonyo ana moyo ambao wanaume wengine waliuacha tumboni mwa mama zao.

Basi siku moja akaingia mwalimu Khavere. Ni mtu wa Vihiga, anafundisha shule ya msingi huko Tetu. Mumewe, Omondi, alikuwa polisi Kerugoya hadi alipofariki mwaka uliotangulia, akazikwa kwao Siaya. Gikonyo alimwuliza swali lake la kawaida, na mwalimu akatazama nyuma kwanza kuona kama kuna mtu.

"Daktari, naona hata aibu kusema. Nataka kulia."

"Sema tu, Mwalimu. Hapa hakuna mtu anachekwa."

"Bwana yangu tulimzika, na sikulia. Si ati sikumpenda. Machozi ilikataa tu. Na huko kwao, mjane akikaa macho kavu mbele ya jeneza, wanaona kuna kitu anaficha. Mama yake mpaka leo hanisalimii vizuri. Sasa tunaenda ukumbusho. Nikirudi hivyo hivyo, hapo nimekwisha. Nipatie kitu yenye itanifungua."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema, Mwalimu, hili limenishinda. Lakini Gikonyo alikuwa ameitwa Daktari muda mrefu mno. Akapekuapekua kwenye kompyuta, akapata bango la mwanamke aliyevaa nyeusi kando ya jeneza, leso ameibana mdomoni, na majani yamezunguka picha yote mpaka pembeni hakuna nafasi.

"Hii ndiyo yako," akasema. "Na usiitazame peke yako, Mwalimu. Itazame huko huko na watu wa nyumbani. Mkiwa wengi, machozi inakuja yenyewe. Hii, hata mimi nililia. Nililia nikafunga duka."

"Wewe? Mwanaume mzima?"

"Nililia, Mwalimu."

Khavere akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake na flashi yake. Gikonyo alijisikia vizuri mchana ule wote.

Mwalimu alirudi baada ya ukumbusho, Jumamosi moja ya mvua, kibanda kimejaa watu waliojikinga, na Beth amesogeza jiko lake ndani kidogo lisilowe. Khavere hakusalimia mtu. Alisimama mbele ya meza, maji yanamchuruzika kwenye koti.

"Gikonyo, nataka kukuuliza kitu moja tu. Ile filamu, wewe ulilia wapi?"

Watu wakatabasamu, wakidhani ni mazungumzo ya wajuzi. Gikonyo akaweka mkono kifuani, mkono ambao sasa ulijiendea wenyewe kwa mazoea.

"Pale kwa jeneza, Mwalimu. Yule mama akiwa na leso."

"Pale kwa jeneza anacheka," Khavere akasema. "Leso ni ya kuficha kicheko. Amempatia bwana yake sumu kidogo kidogo kwa supu, mpaka akakufa, na filamu yote ni ya kuchekesha. Wazungu wanaipenda sana."

Mvua ilipiga mabati.

"Niliiweka sebuleni kwa mama mkwe. Shemeji zangu wote walikuwa. Nikasimama mbele yao, nikawaambia hii nimeileta tumkumbuke Omondi. Na Omondi wangu alikufa na tumbo, Gikonyo. Tumbo. Hospitali walisema ni kidonda, lakini huko nyumbani kuna watu hawakuwahi kukubali. Shemeji akazima televisheni. Mama akaniuliza, 'Khavere, hii ndiyo umetuletea?' Hapo ndipo nililia. Nililia vile sijawahi kulia maishani, nikaanguka chini. Hakuna mtu alinishika. Wanasema hayo ni machozi ya mtu ameshikwa na makosa yake."

Gikonyo alitamani ardhi ipasuke immeze na kompyuta yake. Angeweza kusema alichanganya faili, na watu wangemwamini, maana hata wakati ule walikuwa wakimtazama wakingoja aseme hivyo hasa. Lakini mwanamke yule alikuwa amesimama mbele yake akitetemeka, na uongo mwingine ungekuwa kama kumpiga teke mtu aliyeanguka.

"Sikuitazama, Mwalimu. Sijawahi kutazama hata moja ya zile. Naangalia tu picha ya nje. Nisamehe."

"Ningekusamehe ungeniambia hujui," Khavere akasema. "Mimi nilienda Siaya nikiwa na wewe kwa roho. Nikajiambia, kama mwanaume wa Nyeri ambaye hatujuani amelia, mimi nitashindwaje?" Akageuka, akatoka kwenye mvua bila kuchukua filamu nyingine, na watu wakampisha njia kama wanavyompisha mfiwa.

Kisha Beth akauliza, macho kwenye jiko lake, "Na ile yangu? Ile ulinipatia tukizika mama?"

Gikonyo akainamisha macho kwenye kompyuta yake. Beth alibeba jiko likiwa na moto wake, akarudi nje, akakaa chini ya mwavuli. Wengine nao wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakijifanya mvua imepungua.

Siku zilizofuata Gikonyo aliingia kibandani kwa kujificha, kofia machoni. Mtu akimwita Daktari aliona kama amemwagiwa maji. Alitaka kumpigia Khavere simu, lakini angemwambia nini? Kwamba aende naye Siaya akasimame mbele ya yule mama aseme ni yeye? Alilifikiria hilo, akaliogopa, na kuliogopa kukamwongezea aibu juu ya aibu.

Mwishowe alifunga mlango mchana, akaitafuta filamu aliyompa Beth. Safari hii hakuliacha neno lipite. Kila sentensi ilipotokea aliisimamisha picha, akaisoma kwa kidole, akaendelea. Ilimla mchana wote, na kesho yake akaendelea pale alipoachia. Akafika mahali ambapo binti anamchana nywele mama yake, na mama anamwuliza kwa adabu, kama mgeni, wewe ni mtoto wa nani. Alikisia kwamba hapa ndipo Beth alipolia. Alisimamisha picha, akangoja. Alijitahidi hata kumfikiria mama yake mwenyewe, aliye mzima huko Tetu. Hakuna kilichokuja.

Akatoka nje. Beth alikuwa akigeuza chapati.

"Nimeitazama," akasema. "Yote. Ile yako."

Beth aliendelea kugeuza. "Ulilia?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile neno lililomlisha miaka yote hii, na alijua lingemfurahisha.

"Sikulia," akasema.

Beth akamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua. "Mimi nililia mpaka macho ikafura," akasema, "na nilikuwa nadhani tuko wawili." Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma ya Gikonyo, akamwuliza anataka chapati ngapi.