Nusu ya Gari Iliyobaki Nje

Jumatatu asubuhi Tilakraj Bhasin, karani mstaafu, alikuta karatasi kwenye kioo cha gari lake: gari la petroli lililopita miaka kumi na mitano haliruhusiwi kukaa mahali pa umma. Alhamisi lingeburutwa kwenda kukatwakatwa. Lake lilikuwa limeipita miaka hiyo kwa miezi minne.

"Limetembea kilomita elfu kumi na tisa tu!" alimfokea ofisa wa idara ya usafiri kwenye simu. "Malori yanapita hapa yakifuka kama tanuri la matofali, mmeniona mimi tu?"

"Mzee, hatuhesabu kilomita. Liwe lote ndani ya geti lako, hatutaligusa."

Lote! Kama majirani wengi pale Delhi, Tilakraj alizoea kuingiza pua ya gari uani, mkia akauacha barabarani. Nusu ya ua ilikuwa ya mkewe, Sheelwanti: kipoza hewa chenye kutu, madebe ya samli, magazeti ya miaka tisa, na friji bovu aliloligeuza kabati la unga na mablanketi.

"Mama Neeru, hivi vitu vitoke."

"Toa gari lako, Baba Neeru. Friji langu halitoi moshi."

Jumatano lori la taka lilikuja likipiga wimbo wake wa usafi kwa kipaza sauti. Mama mzoa taka alilitazama friji aliloonyeshwa na Tilakraj, akacheka.

"Taka mbichi ndoo ya kijani, kavu ndoo ya bluu. Hili si taka mbichi wala kavu, kaka. Silibebi."

Shakil, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeitwa na Tilakraj, alibeba magazeti, madebe na kipoza, Sheelwanti akinung'unika. Alipofika kwenye friji akarudi nyuma.

"Lina gesi ndani. Nalo siku hizi lina sheria yake. Unataka nikamatwe?"

"Mji gani huu!" Tilakraj alipaza sauti. "Kitu kikikaa ni kosa, kikiondoka ni kosa!"

Alhamisi, gari la kukokotea magari lilipochomoza kwenye kona, Tilakraj aliegemea gari lake. Sheelwanti alimtazama. Kisha akaanza kutoa mablanketi ndani ya friji.

"Umesimama nini? Shika huku. Linaingia chumbani, na litakaa upande wako wa kitanda."

Walilisukuma friji ndani, wakihema. Shakil, aliyekuwa akipita na mkokoteni wake, akasaidia kusukuma gari uani. Geti likafungika, kwa shida. Ofisa aliyekuja kulikokota alichungulia juu ya geti, akaguna, akaenda zake.

Sasa gari lilikuwa limejaza ua ukuta hadi ukuta, limekaa katikati ya mlango wa nyumba na kigeti cha pembeni cha kutokea kwa miguu.

"Nami nitapita wapi kwenda kununua maziwa?" Sheelwanti aliuliza.

Tilakraj alifungua mlango wa kushoto kadiri ukuta ulivyoruhusu, akajivuta juu ya viti, akafungua wa kulia.

"Pita hapa."

Sheelwanti alikusanya sari yake, akainama, akiilaani idara nzima pamoja na mumewe.

"Vua ndala kwanza," Tilakraj akamwambia. "Viti bado vipya."